Mchina wa Chai na Bibi wa Ghorofa ya Tatu

Binti yangu Zuwena ndiye aliyeniamrisha niandike. Yeye ana shahada ya chuo kikuu kutoka kule Al Khoudh, mie nna magoti mawili mabovu, kwa hiyo duka limekuwa lake na kalamu imekuwa yangu. Anasema nyie vijana mnaosimama sasa kwenye jiko mnauliza kwa nini kibao chetu cha ukutani kinasema mwenye hadithi ya jini hanunui chai. Mnadhani ni ujanja wa biashara. Si ujanja. Ni Mchina, tena Mchina aliyekufa zamani sana, na kwa sababu yake nusura nitolewe katika duka hili na masufuria yangu kichwani.

Skuli nilikwenda, nikaiona, nikarudi. Chuoni, kwenye Kurani, nilikaa zaidi, maana bakora ya maalim ilikuwa ndefu kuliko miguu yangu. Kuandika huku nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma vibao vya maduka na magazeti ya kufungia sambusa. Mkikuta kosa, limezeni na chai.

Nilipofika Maskati kutoka Unguja nilikuwa kijana mwembamba mwenye nywele. Binamu yangu aliniahidi kazi ya ofisini, na sikusema kaniongopea, kwa sababu ofisi ilikuwepo, ng'ambo ya barabara. Mie nilipelekwa upande wa pili, kwenye duka la chai chini ya jengo la fleti hapa Al Khuwair. Mwenye jiko alikuwa Mmalabari mmoja wa Uhindini, Koya, mtu mfupi, kifua wazi, taulo begani. Akaniangalia toka juu mpaka chini, akanipa sinia.

Kazi ya kwanza ilikuwa honi. Hapa mtu hashuki garini kwa ajili ya chai, mnajua. Anasimama nje, anapiga honi, nawe unatoka mbio juani kumuuliza anataka nini. Koya alizijua honi zote. Fupi mbili ni chai ya maziwa bila sukari, ile ndefu yenye hasira ni mkurugenzi, ile ya kubembeleza ni mtu anayetaka mkate wa yai juu yake. Siku yangu ya kwanza nilimpelekea chai bwana mmoja aliyekuwa anapiga honi kumwondosha paka. Akainywa. Tangu siku ile akawa mteja, na paka pia.

Koya alinifundisha kuisikiliza chai. Maziwa yakikaribia kupanda hubadilisha sauti, yananong'ona kwanza kisha yanaguna, na yakiguna umechelewa. Alinifundisha kuimwaga kutoka sufuria hadi sufuria, mkono mmoja juu ya kichwa na mmoja kiunoni, mpaka ifanye povu. Kovu la mazoezi lipo hapa kwenye kiwiko, mkija nyumbani nitawaonyesha. Na siku nilipotaka kumwaga maji ya moto mtaroni kimya kimya, alinidaka mkono. Yeye Kiswahili hajui, mie Kimalabari sijui, Kiarabu chetu sote kilikuwa cha kuombea maji, lakini mama zetu, wake kule na wangu Unguja, walitufunza jambo moja: ukimwaga maji ya moto sema bismillahi, tena kwa sauti, ili wenyewe walioko huko chini, majini, wapate kujitenga. Tukatazamana, tukacheka. Hapo ndipo nilipojua nimepata mwalimu.

Koya alipozeeka akarudi kwao, akaniachia jiko na lile chujio la kitambaa, ambalo Zuwena anataka kulitupa. Zuwena, usilitupe.

Sasa Mchina. Simsemi yule wa zamani, huyo anakuja. Nasema Bwana Lin, ambaye nyote mnamjua, yule mhandisi mnene wa miwani anayekaa meza ya pembeni. Alijenga barabara Dar es Salaam miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Siku ya kwanza aliingia, akainamisha kichwa akanambia, "Shikamoo mzee, naomba chai ya rangi, tangawizi iwe kali." Nikaacha chai ikaguna. Wajukuu zangu mwenyewe, niliowalea kwa mikono yangu, wakitaka kitu wanansemesha nusu Kiarabu nusu vidole, na huyu Mchina anasema "kumbe" mahali pake hasa!

Basi alasiri moja duka liko tupu, magari yote yako nje yanapiga honi, mie naingia na kutoka kama sindano ya cherehani. Nikakaa nikalalama kwamba watu wa siku hizi hawakai wakazungumza. Bwana Lin akaweka bilauri chini.

"Mzee, kwetu zamani kulikuwa na bwana mmoja," akasema. "Alifanya mitihani ya serikali tangu ujana mpaka ndevu zikawa nyeupe. Ule wa mwanzo alipita, lakini ule wa juu kila akifanya, anafeli."

"Basi mie nimempita," nikamwambia. "Mie sijafeli hata mmoja."

"Umefanya mingapi?"

"Hata mmoja."

Akacheka mpaka miwani ikapata ukungu. Akanieleza kuwa yule bwana alikuwa akifundisha watoto wa matajiri ili apate kula, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mambo ya ajabu: mizuka, mashetani, na mbweha wanaojigeuza wanawake wazuri wakaolewa na wanafunzi masikini. Na watu husimulia, Mungu ndiye ajuaye kama ni kweli, kwamba alitandika mkeka kando ya njia, akaweka chai na tumbaku. Mpita njia akimpa hadithi, anakunywa bure. Yeye akirudi nyumbani anaiandika vizuri, na mwisho wa hadithi anajitokeza mwenyewe, anatia neno lake: huyu mtu alikuwa mjinga, huyu mbweha alikuwa na adabu kuliko binadamu. Kafa masikini. Na mpaka leo, Bwana Lin akasema, wanazicheza hadithi zake kwenye sinema, na yeye mwenyewe alipokuwa mdogo bibi yake alimtisha na mbweha wa yule bwana ili amalize wali.

"Na mwanafunzi alitoa mahari gani kwa huyo mbweha?" nikauliza.

"Hakutoa kitu. Mbweha ndiye aliyeleta vitu."

"Majabali yote haya mbweha wamejaa, wanakula taka. Sijamwona aliyekuja na sanduku."

Lakini kitu kikaniingia kichwani na hakikutoka. Mtu kafeli mitihani mpaka uzeeni, kazi yake chai na masikio, na dunia nzima inamkumbuka. Mie masikio ninayo. Chai ninayo. Kesho yake nikaandika kibao kwa mkono wangu: mwenye hadithi ya jini hanunui chai, ila lazima ashuke garini.

Mke wangu Bi Salma alipokiona akashika kiuno. "Seif, umekosa la kufanya? Unawaita wenyewe dukani?"

"Nawaita watu."

"Nao wakija na wenyewe?"

"Nitawapa chai wote."

Wiki ile ile honi zikapungua. Mabwana wa wizarani hapo ng'ambo ya barabara, ambao nilikuwa nawajua viwiko tu vinavyotoka dirishani, wakashuka, nikaona kumbe wana miguu. Wakakaa. Kanuni nilizitia mie, na hizo ndizo mnazozifuata mpaka leo: hadithi ikiwa nzuri, kikombe kizima. Ikiwa uongo usio na chumvi, nusu. Ikiwa nshaisikia, analipa. Na mwisho wa kila moja natoa hukumu yangu kwa sauti, kama yule bwana wa Kichina, ila mie sikuandika, mie nilimimina.

Nilisikia ya jini aliyefanya kazi idara moja miaka chungu nzima bila mtu kumgundua, na alipogunduliwa ikawa ndiye pekee aliyekuwa akifika kwa wakati. Kikombe kizima. Nilisikia ya Prossy, yule msichana wa Kiganda aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya nyuma. "Baba, mimi stori yangu ni ya ukweli, wallahi," akasema, na msalaba wake shingoni. "Mashini ya kufulia ya madamu ina jini. Inakula soksi, lakini moja moja. Mguu wa kushoto tu. Madamu ananiambia Prossy, wewe mwizi. Nikamwambia madamu, mimi niibe soksi za kushoto niende nazo wapi? Akafikiri, akasema khalas, basi ni jini." Kikombe kizima na sambusa. Hukumu yangu ilikuwa kwamba jini yule ana mguu mmoja na anastahili kuhurumiwa.

Mtu mmoja tu hakupata kikombe cha bure hata siku moja. Mahfudh, karani wa wizara hapo ng'ambo, kapera aliyekwisha kupita umri wa watu kumuuliza ataoa lini. Kanzu yake ilikuwa na mikunjo kama ramani, kofia imekaa upande, na doa la chai kifuani ambalo nadhani alizaliwa nalo. Nilimlazimisha ashuke garini, akashuka, akasimama kama mtu anayesubiri kupigwa sindano.

"Haya, Mahfudh, toa hadithi."

"Sina, Mzee Seif."

"Hujapata kuona kitu? Hujasikia sauti? Hata ndoto?"

"Nalala mapema." Akalipa, akarudi garini. Kila siku hivyo hivyo. Nilimwonea huruma nikamwambia atunge. Akafikiri muda mrefu, chai ikapoa, akasema, "Palikuwa na jini." Nikasubiri. "Basi," akasema. Akalipa.

Sasa nifike kwenye balaa lenyewe. Alasiri moja wateja wamejaa na hakuna mwenye kitu cha maana. Nikaona aibu, duka langu limekosa hadithi. Nikapanda juu ya kreti la maziwa nikatoa yangu mwenyewe. Nikasema kwamba kijana mmoja wa jiko alimwaga maji ya moto mtaroni bila bismillahi, na pale chini alikuwa akikaa bibi wa kijini, mtu wa heshima, ana hina mpaka kwenye viwiko. Akaungua kisigino. Akapanda juu kwa hasira, akakuta fleti ya ghorofa ya tatu iko wazi, akahamia. Nikawaonyesha kwa mguu wangu jinsi anavyochechemea ngazini: tap, buruta, tap, buruta. Watu wakaacha kutafuna. Nikajihukumia kikombe kizima. Na wallahi kilistahili.

Fleti ile kweli ilikuwa tupu. Mwenye jengo ni Bwana Nasor, watu wao wametoka Unguja kama sisi, mtu mzuri lakini akikasirika masharubu yanasimama. Na nyie mnajua, mtu akitaka kukodi fleti haulizi mwenye nyumba, anauliza duka la chai la chini. Wakaja wa kwanza, mume na mke. Mteja mmoja, si mie, akawaambia, "Ghorofa ya tatu? Kwa yule bibi wa kisigino?" Wakaondoka bila kupanda. Wakaja wengine, wakapanda, wakasikia mtu anachechemea. Alikuwa fundi wa maji, ana mguu mbaya, lakini nani alingoja kuuliza?

Bwana Nasor akaingia dukani, masharubu yamesimama.

"Seif! Umetia nini kwenye fleti yangu?"

"Sijatia kitu, sheikh. Hadithi tu."

"Hadithi itanilipia kodi? Nsikilize. Mwisho wa mwezi huu fleti ile isipopata mtu, duka nalitaka. Utoke wewe, utoe na masufuria yako, na bibi yako mchukue."

Hakuwa anatania. Duka hili ndilo lililomsomesha Zuwena, ndilo lililonipa jina mjini. Bila jiko mie ni mzee mwenye kovu la kiwiko. Usiku ule nilimwambia Bi Salma, nikidhani atanipa pole. Akasema, "Nilikwambia unawaita."

Nikaanza kumtoa yule bibi wa kijini. Kwanza nikatangaza kwamba ni uongo, nimemtunga mwenyewe. Wateja wakatazamana. Mmoja akaniinamia sikioni: "Kakutisha, Mzee Seif? Anatusikia sasa hivi?" Nikaapa. Wakasema masikini, anaapishwa.

Bwana Nasor kwa akili zake akaleta shekhe kuisomea fleti. Shekhe akasoma vizuri, akashuka, akasema hakuona kitu. Lakini watu wakaona shekhe kaletwa! Mtaa mzima ukawa na hakika, maana nani anamwita fundi wa bomba kwenye nyumba isiyovuja?

Nikajaribu kumhamisha. Nikapanda kreti nikasimulia kwamba yule bibi kachoshwa na kelele za barabara kuu, kahamia Al Amerat, kapata nyumba mpya yenye uwanja. Nikaona wanatikisa vichwa.

"Al Amerat?" akasema mmoja anayekaa huko. "Kuvuka mlima asubuhi na foleni ile? Mie binadamu inanishinda, yeye na kisigino kibovu ataweza?"

"Tena keshazoea Al Khuwair," akasema mwengine. "Kila kitu kiko karibu."

Hukumu yao ilikuwa nusu kikombe. Jioni yake shemeji yangu wa Al Amerat akanipigia simu, anapiga kelele, watoto wake hawataki kwenda chooni peke yao. Kwa hiyo nikawa na bibi mmoja, nyumba mbili.

Mwezi ukawa unakwisha. Nikakaa mezani kwa Bwana Lin, sikuwa na hamu hata ya kumimina. Nikamwambia, "Yule bwana wako wa mkeka kaniua. Kwake yeye, mtu akiingiliwa nyumbani na mbweha humtoa vipi?"

Bwana Lin akafikiri. "Mzee, wale wanaomtoa ndio wanaopata shida. Wanaita waganga, wanachoma karatasi, nyumba inazidi kuharibika. Wale wanaoishi naye kwa adabu, anawatengenezea. Anapika, anafagia, anamsaidia mume asome. Mbweha wa yule bwana mara nyingi ndiye mtu mwenye akili katika nyumba nzima."

Nikamtazama. Akanitazama. Nikaenda kulichukua kreti langu.

Kesho yake nikasimulia sehemu ya mwisho. Nikasema, nyie mmemsikia vibaya yule bibi. Kisigino kimepona. Kilipona siku niliposhuka mtaroni mwenyewe nikamwomba radhi na nikamwachia chai ya iliki. Na yeye, kwa kuwa ni mtu wa watu, akaapa kwamba atakayekaa naye fleti ile kwa heshima hatajuta. Akilala, ataamka akute kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawasawa. Nikaona wanaanza kuegemea mbele. Nikanyamaza kidogo, kama Koya alivyokuwa akinyamaza kabla ya kumimina, kisha nikasema:

"Na hakosi nafasi ya kuegesha gari. Saa yoyote. Mbele ya mlango. Anamwekea."

Hapo duka likatetemeka. Nyie mnaijua Al Khuwair. Mtu anazunguka mpaka chai ya asubuhi inakuwa ya mchana. Watu wazima, wenye vyeo, wakaanza kuniuliza namba ya Bwana Nasor, mmoja akisema ni kwa ajili ya rafiki yake, mwengine akisema yeye haamini mambo haya lakini gari lake ni refu. Wakati wao wanaulizana, mtu mmoja alikwisha kupanda ngazi. Mahfudh. Alikuwa amesimama nyuma mlangoni, yule asiyekuwa na neno, na kabla sijashuka kwenye kreti alikwisha kuchukua ufunguo kwa Bwana Nasor huko juu.

Bwana Nasor akashuka dukani, masharubu yamelala. Akaagiza chai, akaketi, jambo ambalo hajapata kulifanya. Akazungusha kikombe.

"Seif."

"Naam, sheikh."

"Ghorofa ya nne nna mbili wazi." Akatazama kulia na kushoto. "Huyu bibi... hana dada zake?"

Duka likabaki langu. Ningeweza kuishia hapo, na Zuwena anasema niishie hapo. Lakini huyo bado ana mengi ya kujifunza.

Mahfudh alipohamia juu hakupiga honi tena. Asubuhi akawa anashuka kwa miguu, na mie nikaona kitu. Kanzu imenyooka mpaka unaweza kukatia mkate. Lile doa halipo. Kofia imekaa. Nikamwambia Bi Salma pengine kanunua pasi. Bi Salma akasema, "Mwanamume yule? Pasi?"

Halafu akaanza kuagiza vikombe viwili. Kimoja kwa sukari, kimoja bila. Nikajisemea anakunywa vyote mwenyewe, lakini mtu mwembamba vile vinakwenda wapi? Akawa anavipandisha juu kwa uangalifu, kama mtu aliyeambiwa asimwage.

Wiki yangu ya mwisho ya kazi, kabla sijamkabidhi Zuwena funguo, Mahfudh alishuka akasimama mbele yangu, mgongo umenyooka. Bwana Lin alikuwepo mezani kwake, na Prossy alikuwa anangoja mkate wa madamu.

"Viwili, Mzee Seif," akasema. "Na leo silipi. Leo nna hadithi."

Duka zima likageuka. Hata jiko nilipunguza. Mtu huyu nimemngojea tangu siku kibao kilipopanda ukutani!

"Haya, mwanangu. Toa."

Mahfudh akafungua mdomo. Kisha akainua macho, akatazama dari, upande ule ilipo fleti yake, akasikiliza kidogo. Akaufunga.

"Kanikataza," akasema.

Prossy akajipiga msalaba. Bwana Lin akaweka bilauri chini polepole, akanambia, "Mzee, hiyo yule bwana wa mkeka angeiandika."

Yule bibi nimemtunga mie, juu ya kreti la maziwa, kwa mdomo wangu huu. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote mjini. Nikajaza vikombe viwili mpaka juu, nikampa bure, na yale maji ya moto yaliyobaki nikayapeleka mtaroni. Bismillahi niliyoitoa siku ile waliisikia mpaka wizarani.